Kijani cha Ulaya na Ngitili ya Nkololo

Wapo watumishi wa umma katika nchi hii ambao wakisikia neno mazingira hucheka. Kwao hayo ni mambo ya Wazungu walioshiba. Mtu aliyekwisha kula, akajenga na kununua gari, ndiye mwenye nafasi ya kumlilia chura na ndege. Mkulima wa Nkololo, wanasema, ana pamba ya kupalilia na ng'ombe wa kunywesha. Wapo na wengine, na hawa wanaongezeka, ambao hawacheki hata kidogo. Hulitamka neno hilo kwa heshima kubwa, aghalabu ndani ya ukumbi wa semina, na kila wanapolitamka hutazama upande wa Ulaya kana kwamba huko ndiko lilikozaliwa na huko ndiko litakakotoka fungu la kulitekeleza.

Makundi hayo mawili hubishana sana, lakini yameshikamana katika kosa moja. Yote yanaamini kwamba kuilinda ardhi ni bidhaa iliyotengenezwa Ulaya. Kundi moja linaikataa bidhaa hiyo, jingine linaiagiza. Kosa hilo lingekuwa la maneno tu, lingeachwa liishie kwenye vijiwe vya kahawa. Kwa bahati mbaya wenye kulitenda ndio wenye kalamu za serikali na chaki za shule, na gharama yake inalipwa na mwananchi wa Bariadi ambaye hajapata kualikwa kwenye semina yoyote.

Yafaa basi ieleweke vyama vya Kijani vya Ulaya vilitoka wapi. Havikuzaliwa katika majumba ya matajiri, wala havikuanza kwa kumlilia chura. Mwezi Februari 1975, katika kijiji cha Wyhl, kusini-magharibi mwa iliyokuwa Ujerumani Magharibi, wakulima wa mizabibu waliingia kwa miguu yao katika kiwanja kilichotengwa kwa ajili ya kinu cha umeme wa nyuklia, wakakikalia. Hofu yao ilikuwa ya mkulima yeyote: kwamba mvuke na ukungu wa kinu hicho ungeharibu mizabibu, na shamba lingekufa. Wake kwa waume, vijana wa vyuo pamoja na wazee wa mashambani, walikikalia kiwanja kile kwa miezi. Kinu cha Wyhl hakikujengwa kamwe.

Kutokana na mapambano ya namna hiyo ndipo vyama vilipochipuka. Nchini Uingereza chama cha kwanza cha aina hiyo kilikuwa kimekwisha kuundwa mwaka 1973. Uswisi ilimchagua mbunge wa kwanza wa Kijani mwaka 1979. Chama cha Kijani cha Ujerumani Magharibi kiliundwa Karlsruhe mwezi Januari 1980, kikaingia katika Bunge la Taifa mwezi Machi 1983 kwa asilimia 5.6 ya kura. Kilisimama juu ya misingi minne: kutunza maumbile, haki ya jamii, demokrasia inayoanzia chini, na kukataa matumizi ya nguvu. Msomaji azingatie kwamba mitatu kati ya misingi hiyo minne inahusu namna watu wanavyoishi na kutawaliana. Tangu mwanzo, basi, lilikuwa swali la nani anayeamua juu ya ardhi.

Liko na jambo jingine ambalo wacheka mazingira na waabudu mazingira wote hawalijui, au wamelisahau. Mtu wa kwanza kugombea urais wa Ufaransa kwa tiketi ya kutetea maumbile alikuwa René Dumont, mwaka 1974. Alijitokeza katika televisheni na bilauri ya maji mkononi, akawaonya wananchi wake kwamba maji hayo yatakuja kuwa adimu. Alipata kura zipatazo asilimia moja na kidogo tu. Dumont hakuwa mshairi wa misituni. Alikuwa bwana shamba, mtaalamu wa kilimo aliyezunguka Afrika na Asia, na kabla ya kugombea huko kwao alikuwa amekwisha kuja Tanzania kwa mwaliko wa Mwalimu Nyerere kukikagua kilimo cha nchi hii baada ya Azimio la Arusha. Taarifa yake ilitolewa mwaka 1969. Kwa hiyo baba wa siasa ya Kijani nchini Ufaransa alikuwa amekwisha kukanyaga udongo wa mashamba ya Tanzania na kuyaona matatizo yake kwa macho kabla hajaishika ile bilauri. Anayedai kwamba fikra hizo zilishuka Ulaya kutoka mawinguni, ndipo zikasafirishwa kuja huku, hajui hata njia zilimopitia.

Lakini haki haina upande mmoja. Wanaocheka nao wanazo hoja, na hoja hazipigwi rungu. Wanauliza: hao Wanakijani, walipoupata utawala, walifanya nini?

Swali hilo ni la haki. Finland iliwaingiza serikalini mwaka 1995, na Ujerumani mwaka 1998. Chama kilichojengwa juu ya kukataa matumizi ya nguvu kilikuwa serikalini mwaka 1999, ndege za NATO zilipoipiga Yugoslavia kwa mabomu kwa sababu ya Kosovo, na Waziri wa Mambo ya Nje wa Ujerumani wakati huo alikuwa Mwanakijani. Walirudi serikalini mwishoni mwa mwaka 2021. Mwaka uliofuata, gesi ya Urusi ilipokatika kwa sababu ya vita vya Ukraine, wizara ya uchumi iliyokuwa mikononi mwa Kijani iliruhusu mitambo ya makaa ya mawe iliyokuwa imewekwa kando iwashwe tena. Mwezi Januari 2023 polisi waliwatoa waandamanaji katika kitongoji cha Lützerath ili kampuni ichimbe makaa chini yake, na mapatano ya kukiachia kitongoji hicho yalikuwa yametiwa saini na mawaziri wa Kijani.

Katika mwaka huohuo wa 2022, Ulaya ilipokuwa ikitafuta makaa kwa udi na uvumba, makaa ya Ruvuma yalipakiwa melini katika bandari ya Mtwara yakapelekwa hukohuko Ulaya. Na mwezi Septemba wa mwaka uleule Bunge la Ulaya lilipitisha azimio la kulaumu ujenzi wa bomba la mafuta ghafi litokalo Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, bomba lenye urefu wa kilometa 1,443. Msomi wa Kitanzania akiyaweka mambo hayo mawili bega kwa bega, akacheka, nani atamlaumu? Anayemnyima jirani moto wa kupikia huku yeye mwenyewe akinunua kuni za jirani huyohuyo hana uso wa kuhubiri.

Naam, acheke. Akimaliza kucheka aulizwe: unafiki wa Ulaya umeongeza jani moja katika malisho ya Nkololo? Jirani mnafiki akipiga kelele kwamba nyumba yako inaungua, unafiki wake hauuzimi moto. Hapo ndipo hoja ya wacheka mazingira inapovunjika mguu. Wameipata dosari ya Mzungu, wakadhani wamepata ruhusa ya kulala.

Nkololo ni kata ya wilaya ya Bariadi, mkoa wa Simiyu, mkoa uliomegwa kutoka Shinyanga mwaka 2012 na ambao siku hizi unaongoza kwa zao la pamba nchini. Ni nchi ya wakulima-wafugaji, yenye mvua chache zisizotabirika na kiangazi kirefu. Mzee wa Kisukuma wa zamani hakuhitaji chama wala semina kumwambia kwamba ng'ombe watakufa mwezi wa Septemba ikiwa majani yote yataliwa mwezi wa Machi. Alitenga sehemu ya malisho mvua zinapoanza, akaifunga isilishwe, akaifungua wakati wa kiangazi, majani ya kwingine yakiwa yamekwisha. Sehemu hiyo ndiyo ngitili. Ndani yake miti ilichipua yenyewe kutoka kwenye visiki. Kukawa na kuni, fito za kujengea, dawa, asali na matunda pori. Aliyeingiza ng'ombe kabla ya wakati alitozwa faini na wazee, na uamuzi wa jambo kubwa ulifanywa na baraza la kimila, dagashida.

Utaratibu huo ulibomolewa na wakubwa wa zama mbalimbali, kila mmoja akiwa na nia njema mdomoni. Wakoloni Waingereza, kuanzia miaka ya 1920, walikusanya maelfu ya Wasukuma kufyeka mapori ya Shinyanga ili kumfukuza mbung'o. Mbung'o alifukuzwa, na miti ikaondoka naye. Kisha ikasukumwa pamba, na pamba hutaka shamba jeupe. Ardhi ilipoanza kuchoka, serikali ya kikoloni ikaja na dawa yake baada ya vita vya pili vya dunia: matuta ya lazima, kupunguza ng'ombe kwa lazima, na adhabu kwa asiyetii. Yalikuwa ni mambo ya kuhifadhi udongo, na baadhi yake yalikuwa na maana kitaalamu. Wananchi waliyakataa. Waluguru waliyakataa matuta mwaka 1955, Wasukuma wakayakataa masharti ya kwao, na chuki hiyo ikawa kuni katika moto wa TANU, chama ambacho mkoloni alikipiga marufuku Usukumani kuanzia mwaka 1954 hadi 1958. Mwananchi hakuukataa udongo wake. Alikataa kuamriwa juu ya udongo wake na mtu asiyeulima.

Na baada ya uhuru? Ukweli lazima usemwe, maana gazeti lisilosema ukweli ni karatasi ya kufungia vitumbua. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1974 hadi 1976 iliwahamisha watu kutoka kwenye makazi yao ya asili kwenda vijijini, na ngitili zilizokuwa kandokando ya makazi hayo zikabaki bila mwenyewe. Kitu kisicho na mwenyewe hukatwa. Zilipofika miaka ya 1980, hali ya mkoa wa Shinyanga, ambao Bariadi ilikuwa wilaya yake, ilimtisha hata Mwalimu mwenyewe. Nchi ilikuwa inaelekea kuwa jangwa.

Ndipo mwaka 1986 ulipoanzishwa mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kwa jina la HASHI. Mpango huo nao ulianza na bustani za miche na kuhimiza watu wapande miti, kama ilivyo desturi ya mipango. Uzuri wake ni kwamba ulikubali kujifunza. Wataalamu waliposikiliza wananchi waligundua kwamba wananchi tayari wanao utaratibu wao, na kazi ya serikali ni kuurudishia nguvu. Ngitili zikarudi, za kaya na za vijiji. Mabaraza ya kimila yakapewa nafasi, sungusungu wakasimamia, na sheria ndogo za vijiji zikaandikwa. Mwaka 1986 ngitili zilizokuwa zimeandikishwa hazikuzidi hekta 600 hivi. Mpango ulipofikia ukomo wake mwaka 2004, ardhi iliyorudishiwa uoto ilikadiriwa kuwa zaidi ya hekta 300,000. Wafugaji walipata malisho ya kiangazi, wanawake walipunguziwa mwendo wa kutafuta kuni, na kaya ziliuza fito, asali na majani ya kuezekea.

Wyhl na Usukumani ni mbali sana, lakini somo la mahali hapo pawili ni moja. Mkulima wa mizabibu alishinda kwa sababu ardhi ilikuwa yake na sauti ilikuwa yake. Mkulima wa pamba alirudisha msitu katika nchi iliyokuwa ikifa kwa sababu hizohizo. Na pale Wanakijani walipotoka mashambani wakahamia maofisini, wakaanza kumtungia mkulima masharti kutoka mbali, mkulima akawageuka. Januari 2024 matrekta ya wakulima yalijaa barabara za Berlin kupinga kuondolewa kwa nafuu ya mafuta ya dizeli ya kilimo, na hiyo ni serikali ambayo Wizara ya Kilimo yenyewe ilishikwa na Mwanakijani. Katika Bunge la Ulaya kundi lao, ambalo mwaka 2019 lilikuwa limepata viti 74, lilipata viti 53 mwaka 2024. Sababu za anguko hilo ni nyingi, lakini mojawapo ni ya kale na Msukuma aliyelimishwa matuta kwa kiboko angeitambua mara moja: hifadhi inayokuja kama amri huchukiwa, hata ikiwa na haki.

Sasa ziko sauti zisemazo kwamba dawa ni kuwa na chama cha Kijani hapa nchini. Zitazame kwanza kwa majirani. Wangari Maathai wa Kenya alianzisha vuguvugu la Green Belt mwaka 1977 pamoja na wanawake wa vijijini, wakapanda miti kwa mamilioni. Aliingia Bungeni kwa uchaguzi wa mwaka 2002, na mwaka 2003 akaanzisha chama cha Mazingira. Mwaka 2004 alipewa Nishani ya Nobel ya Amani. Mwaka 2007 alipoteza kiti chake cha Tetu. Miti iliyopandwa na wale akina mama haikuangushwa na kura hizo, kwa sababu mizizi yake haikuwa ndani ya chama. Huko Rwanda, chama cha Kijani kilichoundwa mwaka 2009 kiliandikishwa mwaka 2013 tu, kikapata viti viwili vya Bunge mwaka 2018. Hakuna ubaya katika hayo, na kila nchi ina njia yake. Lakini anayedhani kwamba bango la chama ndilo linalootesha majani ana kasumba ileile ya kuagiza. Na katika nchi ambayo kijani imekwisha kuwa rangi ya sare za mikutano, inafaa kukumbushana kwamba kabla ya kuwa sare ilikuwa rangi ya majani. Fulana haimlishi ndama.

Hatari iliyopo leo ni kwamba kile kilichopatikana kinaweza kuliwa kimyakimya. Watu wameongezeka, ardhi haikuongezeka. Baba mwenye ngitili moja na vijana wanne huigawa, na kila kijana hufyeka fungu lake apande pamba. Mkaa una bei mjini, na mnunuzi hafiki kwa miguu, anafika na lori. Asemaye kwamba mazingira ni anasa na awatazame Wasukuma waliohama na makundi ya ng'ombe kwenda Rukwa, Usangu na bonde la Kilombero. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji waliondolewa kwa nguvu katika bonde la Usangu na Ihefu, wakiambiwa kwamba wanaukausha Ruaha Mkuu. Mtu hafungi safari ya mamia ya kilometa na mifugo yake kwa kupenda kutembea. Malisho ya nyumbani yakifa, mchungaji huwa mkimbizi ndani ya nchi yake, na popote afikapo huitwa mvamizi.

Hapa ndipo neno linapomfikia mtumishi wa umma. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imekipa kijiji mamlaka juu ya ardhi yake. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka kamati za mazingira hadi ngazi ya kijiji. Kijiji kinaweza kutunga sheria ndogo ya kulinda ngitili, lakini sheria ndogo hiyo haipati nguvu mpaka halmashauri ya wilaya iiidhinishe. Maana yake ni nyepesi. Faili likilala mezani mwaka mzima kwa sababu ofisa yuko safarini, mwenye lori la mkaa ameshinda bila kutoa hata hoja moja. Ofisa huyohuyo mwezi wa Aprili atakuja na miche mia mbili na mpiga picha. Atapanda mche mmoja kwa koleo jipya, atapigiwa makofi, na ifikapo Agosti mbuzi watakuwa wamemaliza kazi aliyoiacha. Fedha iliyonunua miche ile ingetosha kumpeleka mtaalamu wa kupima mipaka ya ngitili za kijiji kizima, miti ikajiotea yenyewe kama ilivyojiotea wakati wa HASHI.

Neno linamfikia na mwalimu. Mwanafunzi wa Nkololo anaweza kuandika insha nzuri juu ya msitu wa Amazon, akakosa kueleza kwa nini babu yake alifunga eneo fulani lisilishwe mvua zinapoanza. Mwalimu anayemfundisha la kwanza bila la pili anamwambia mtoto huyo, ingawa hakukusudia, kwamba elimu inakaa mbali na kwao ni giza. Somo la ngitili halihitaji kitabu kutoka nje wala mtaala mpya. Linahitaji mwalimu atoke darasani na wanafunzi wake, amkute mzee chini ya mti, na amwache mzee afundishe.

Mambo ya kufanywa si mengi na hayahitaji mfadhili. Kila ngitili ipimwe na iandikwe katika mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji. Sheria ndogo zinazosubiri idhini zipewe idhini au zirudishwe na sababu, na mkutano mkuu wa kijiji usomewe tarehe ambayo faili lilipelekwa wilayani. Na kila anayekuja Nkololo kuomba kura, wa chama chochote, mwenye sare ya rangi yoyote, aulizwe swali moja mbele ya umma: ngitili za kata hii zilikuwa ngapi ulipoingia, na zitakuwa ngapi utakapotoka? Asiyejua jibu la sehemu ya kwanza asiaminiwe kwa sehemu ya pili.